Kutembea Mpaka Vita Vitoke Mwilini

Agosti 2010 Wamarekani watatu walifika kileleni Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, wakiwa na mguu mmoja. Si mmoja kila mtu. Mmoja kwa wote watatu. Kirk Bauer alipoteza wake Vietnam; mwenzake wa pili alipoteza yote miwili Iraki, na wa tatu yote miwili Afghanistan. Walipanda kwa miguu ya bandia, kwenye mlima ambao kila mgeni, mzima au kilema, huambiwa neno lilelile na wapagazi wanaombebea mizigo: polepole.

Mguu uliokatika huonekana, na fundi huupima akautengenezea mwenzake. Lipo jeraha jingine lisilopimika kwa futi. Askari amerudi salama, watoto wamemrukia, pilau limeliwa. Miezi mitatu baadaye bado hawezi kukaa mgahawani bila kuutazama mlango. Pikipiki ikipiga mshindo, yuko chini ya meza. Usiku halali, na akilala analala na vita. Hali hii ni ya kale kama vita vyenyewe, lakini ni mwaka 1980 tu ndipo madaktari wa akili wa Marekani walipoiingiza katika mwongozo wao rasmi wa magonjwa, baada ya maveterani wa Vietnam kupiga kelele kwa miaka. Kwa Kiswahili tunaiita msongo wa baada ya kiwewe.

Ndani ya ubongo kuna kijisehemu chenye umbo la lozi, amigdala, ambacho ni mlinzi wa usiku. Hupiga yowe kabla hujajua umeona nini. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayomjibu: tulia, ni pikipiki tu. Vitani, mlinzi mwepesi wa kupiga yowe ndiye anayekurudisha nyumbani ukiwa hai, kwa hiyo ubongo humpa mamlaka yote. Tabu ni kwamba vita vikiisha hakuna anayemwendea kumwambia kuwa lindo limekwisha.

Na hofu haifutiki. Ubongo hujifunza somo jipya juu ya lile la zamani, na somo hilo linataka marudio mengi. Hapa ndipo njia ya porini inapofaa. Kijiti kinavunjika nyuma yako, moyo unaruka, unageuka: ni ndege. Dakika kumi baadaye jiwe linaporomoka, si kitu. Siku nzima yowe linapigwa na hakuna adui anayetokea, na sehemu ya mbele ya ubongo inapata mazoezi ya kujibu. Usiku mnalala maveterani watano au sita karibu karibu, watu ambao wote wanajua maana ya zamu, na pengine kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mtu anafumba macho yote mawili.

Aliyejaribu mapema kutembea ili vita vimtoke hakuwa na kundi. Earl Shaffer, kijana wa Pennsylvania, alipigana Vita vya Pili vya Dunia katika Pasifiki. Rafiki yake wa utotoni, Walter Winemiller, aliuawa Iwo Jima. Kabla ya vita wawili hao walikuwa wamepanga kuitembea njia ya milima ya Appalachian, inayotoka Georgia hadi Maine, ikipita majimbo 14. Leo urefu wake ni zaidi ya kilomita 3,500. Aprili 1948 Shaffer alianza peke yake, akisema anakwenda kuutembea ujeshi mpaka umtoke. Siku 124 baadaye alisimama juu ya mlima Katahdin, mtu wa kwanza kujulikana kuimaliza njia yote kwa safari moja. Wanamwita mpweke, nami nashangaa kidogo. Ahadi aliyokuwa akiitimiza ilikuwa ya watu wawili.

Mwaka 2012 askari mwingine, Sean Gobin wa kikosi cha Marines, aliyepigana Iraki na Afghanistan, aliacha jeshi akaingia njia hiyohiyo, safari hii na mwenzake wa jeshini. Aliporudi alianzisha mpango unaowapeleka maveterani kwenye njia ndefu kwa vikundi, wapewe vifaa, na katika miji ya njiani wapokewe na maveterani wa vita vya zamani. Hoja yake ni nyepesi na nzito: majeshi ya kale yalirudi kwa miguu miezi mingi, na njiani watu walisimuliana yaliyowapata kabla hawajaufikia mlango wa nyumba. Askari wa siku hizi anaweza kuwa kwenye mapigano Jumatatu, na Ijumaa yuko sebuleni anaulizwa kama anataka chai. Ndege imemrudisha mwili. Mengine bado yako njiani.

Lakini kwa nini kutembea, na si kukaa duara kwenye viti? Sisi hatukuhitaji maabara kulijua hili. Mgeni akiaga hatumwachi mlangoni, tunamsindikiza. Na aghalabu neno lililomleta halitoki barazani mbele ya kahawa. Hutoka huko njiani, karibu na kituo cha basi, nyote mkitazama mbele. Anayetembea kando yako hakukazii macho. Ukinyamaza, kimya kina sababu, mnapanda. Ukiongea sentensi moja ukakwama, kilima kinakupa muda mpaka uipate ya pili.

Tena miili ikienda pamoja hufanya jambo ambalo mmoja hawezi. Mwaka 2009 watafiti wa Oxford waliwapima wapiga makasia baada ya kufanya mazoezi peke yao na baada ya kuyafanya kwa pamoja, kazi ileile, nguvu zilezile. Waliofanya pamoja walistahimili maumivu zaidi, dalili kwamba ubongo ulikuwa umemwaga endofini, dawa ya maumivu ya mwili wenyewe, nyingi zaidi. Aliyepita Jeshi la Kujenga Taifa akakimbia mchakamchaka alfajiri hatashangaa: kilomita zilezile peke yako zinaua.

Ushahidi juu ya maveterani wenyewe ni wa kutia moyo, ingawa bado ni mwembamba. Jason Duvall na Rachel Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan walifuatilia maveterani 98 waliokwenda porini kwa vikundi, siku nne hadi saba. Waliporudi hali yao ya akili ilikuwa imeboreka, zaidi kwa wale waliokuwa na matatizo makubwa ya afya, na mwezi mmoja baadaye sehemu ya nafuu ilikuwa bado ipo. Mwaka 2015 Gregory Bratman na wenzake wa Stanford waliwatembeza watu 38, wasio maveterani, dakika 90: nusu kwenye majani na miti, nusu kando ya barabara yenye magari. Wa kwenye miti walipunguza kule kuwaza jambo moja baya likizunguka kichwani, na picha za ubongo zilionyesha hivyohivyo. Huko Seattle maveterani 26 wenye kiwewe waligawanywa, wengine watembee msituni, wengine mjini, matembezi sita katika wiki 12. Watu 26 hawatoshi kukata kesi.

Kwa hiyo atakayekuambia kwamba mlima unatibu kiwewe, mkatalie. Tiba zilizothibitishwa zinafanyika chumbani, na mtaalamu, na mtu hulazimika kuirudia kumbukumbu yenyewe badala ya kuikimbia. Kutembea kunaweza kuwa njia ya kukimbia pia. Yupo anayemaliza njia moja akaanza nyingine asije akafika kwake. Ila moja ya tiba hizo nayo ilizaliwa matembezini. Francine Shapiro, mwanasaikolojia wa Marekani, alisimulia kwamba mwaka 1987 akitembea bustanini aliona mawazo yake mazito yanalegea huku macho yake yakienda kushoto na kulia. Akaitengenezea tiba, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa wenye kiwewe. Wanasayansi bado wanabishana kama siri imo katika macho hayo au la.

Huku kwetu wapo Wakenya, Waganda na Warundi waliopigana Somalia, na Watanzania waliopelekwa mashariki ya Kongo mwaka 2013. Wako mitaani, wengine ni bodaboda, wengine walinzi wa benki, na si wengi watakaofunga safari kwenda kwa daktari wa akili. Ukiwa na mmoja katika ukoo wako, usimkalishe kitako umhoji kuhusu vita. Jumamosi asubuhi mpitie, mwambie una safari ya milima ya Uluguru au Ngong na huipendi njia ya peke yako, kwa hiyo unamwomba akusindikize. Chukua maji ya kutosha watu wawili.