Harusi ya Angani: Utangulizi wa Elimu ya Majoka

Kubuni makucha, mabawa na moto wa mdomoni ni kazi nyepesi. Ukitaka kumpima mtunzi wa majoka, muulize wanazaanaje. Wengi hulikwepa swali hilo. Anne McCaffrey, Mmarekani aliyehamia Ireland mwaka 1970, hakulikwepa, na ndiyo maana tunaanza na majoka wake wa sayari ya Pern.

Huko jinsia hujulikana kwa rangi. Majike ni wa dhahabu na wa kijani. Madume ni wa shaba, kahawia na buluu. Wa dhahabu ndiye malkia, na uzazi humtegemea yeye, kwa kuwa wa kijani hutafuna jiwe la moto ili wateme miali vitani, na jiwe hilo huwafanya tasa. Moto unalipiwa kwa watoto: kwangu mimi hilo ndilo wazo bora kuliko yote aliyobuni.

Malkia anapokuwa kwenye joto, kama wasemavyo wafugaji, rangi yake hung'aa, naye hushukia mifugo na kuua. Hapo mpandaji wake wa kibinadamu hana budi kumzuia asile nyama, anywe damu tu. Tumbo likiwa zito hatapaa juu, na asiyepaa juu hutaga mayai machache. Kisha huyo, yuko angani, madume wa shaba nyuma yake. Mfuga nyuki ataona jambo analolijua, ila dume la nyuki hufa likishapanda, ilhali joka dume humpandisha cheo bwana wake. Katika riwaya ya *Dragonflight* (1968), joka wa shaba Mnementh anamnasa malkia Ramoth, ambaye mpandaji wake ni Lessa, na F'lar, mpandaji wa Mnementh, anakuwa mkuu wa ngome ya Benden.

Mayai hukomaa kwenye mchanga wa moto. Kinda akianguliwa tu huchagua binadamu wake, na tangu hapo nia zao ni moja, hata katika mapenzi: majoka wakipandana, wapandaji nao huvutwa pamoja. Ndipo wahakiki wakauliza, na wana haki: ridhaa ya mpandaji iko wapi? Lisome swali hilo pamoja na biolojia ya majoka hao, usilitenge.

Anza na riwaya hiyo ya 1968. *Dragonsdawn* ya 1988, inayosimulia jinsi majoka hao walivyoundwa kutokana na mijusi wadogo warukao, iache kwanza. Ukiitanguliza itakupunguzia utamu.