Muchanga Unaua, Muchanga Unakinga



Juma lililopita kijana mumoja wa kutoboa mawe aliingia dispanseri akikohoa. Maski yake ilining'inia shingoni kama mukufu. Nikamuuliza: «Ndugu, hii maski ni ya kukinga shingo?» Akajibu: «Munganga, ni mupira tu, unaniletea joto.»

Ni mupira tu? Sikilizeni habari yake.

Ndani ya mawe tunayopasua muna silisi, ile ya muchanga: ni silisiumu iliyoshikamana na oksijeni. Masini inapotoboa jiwe, vumbi jembamba lisiloonekana kwa macho linaingia mpaka ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Huo ndio ugonjwa wa silikosi. Hauna dawa ya kuuponya, na unafungulia kifua kikuu mulango. Tena, mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa liliandika vumbi hilo kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa mutu.

Lakini silisiumu hiyohiyo inaweza kugeuzwa rafiki. Kwanza silisi inachomwa pamoja na makaa katika tanuru ya umeme: oksijeni inaondoka, silisiumu inabaki. Mwaka 1940, huko Marekani, Eugene Rochow aliipitishia gesi ya kloridi ya methili, kwa joto la digrii karibu 300. Na kichocheo cha kazi hiyo ni nini? Shaba! Shaba kama ile ya Étoile, jirani ya Ruashi, iliyoyeyushwa Lubumbashi mara ya kwanza mwaka 1911.

Kinachotoka ni klorosilani, dawa kali. Ikikutana na maji inatoa asidi ya kloridriki, na silisiumu inashikana tena na oksijeni, safari hii katika minyororo mirefu kama mabehewa ya gari la moshi. Hiyo ni silikoni. Ndiyo mupira laini wa maski nyingi.

Basi tukumbuke:

1. Mwagia jiwe maji kwanza. Maski ni ya pili.

2. Mupira unaziba njia, chujio ndilo linakamata vumbi. Mupira usipogusa ngozi, vumbi linapita pembeni. Kwa hiyo nyoa ndevu.

3. Toa chujio, kisha osha mupira kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Usitumie petroli, inauvimbisha. Asidi kali ya sulfiriki inauharibu: ikiumwagikia, omba maski ingine.

4. Wamama, musikung'ute nguo za kazi nyumbani. Ziloweke kwanza, watoto wasivute vumbi.

Kijana yule alitoka na maski usoni. Tumemutuma kwa picha ya mapafu. Jibu tunalingoja, yeye na sisi. Wewe, usingoje kikohozi.