Kuna Pangani Nyingine, na Hii Utaijua kwa Miguu

Nikikuambia twende Pangani, najua akili yako imeshafika Thika Road, pale makanga wanapokuvuta mkono. Tulia. Pangani ya leo iko Tanzania, pale Mto Pangani unapoingia Bahari ya Hindi. Vuka mpaka Lunga Lunga, fika Tanga, kisha panda gari la kwenda kusini, kama kilomita 50 hivi. Ukishuka, simu mfukoni. Hapa ni miguu tu.

Anza kando ya mto. Nyavu zimeanikwa, mashua zimetulia, na kelele kubwa utakayosikia ni injini ya kivuko kinachoenda Bweni, ng'ambo ya pili. Sisi tungesema feri; wenyeji wanasema pantoni. Maji unayoyatazama, manze, yametoka mbali, Kilimanjaro na Meru.

Sasa ingia mtaani polepole. Boma la zamani hili hapa, lilianza na Waarabu wa Oman, Wajerumani wakaja kulifanya ofisi. Maduka ya Wahindi yale pale, na milango yao mizito ya nakshi. Msikiti uko karibu. Barazani wamekaa Wazigua, Wabondei na Waswahili, na ukisikiliza porojo zao huwezi kujua nani ni nani. Hata mkonge ulikuja kama mgeni: uliletwa kutoka Florida, ukapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto, mwaka wa 1893.

Usidhani kila kitu kinang'aa. Plasta inabambuka, mabati yameliwa na chumvi, na kuna ukuta umeotwa na mti kabisa.

Mimi nilianza vibaya. Nilimwona mzee kivulini nikamrushia, "Niaje mzee?" Kimya. Akaniuliza kama natoka Kenya. Nikakubali. Akaniambia basi nitoe shikamoo kwanza, maswali baadaye. Nilitoa, kichwa chini kama mtoto wa chekechea.

Alipoitika marahaba, nikamuuliza nyumba ile nzuri ilikuwa ya nani. Akasema wageni wote huuliza mwenye nyumba. Wachache sana huuliza nani alibeba mawe.

Hapo nikanyamaza. Karne ya 19 mji huu uliuza pembe za ndovu na watu. Kando ya mto huu kulikuwa na mashamba ya miwa, na waliolima walikuwa watumwa. Milango ina nakshi za matajiri. Hao wengine hawakuachiwa hata kibao cha jina.

Ni hapa pia Abushiri bin Salim, ambaye baba yake alikuwa Mwarabu na mama yake Mworomo, aliongoza watu wa pwani kuwapinga Wajerumani mwaka wa 1888. Walimnyonga hapa hapa Pangani, Desemba 1889. Tarehe hizo niliwahi kuzikariri kwa sababu ya mtihani. Baadaye karo ikanishinda nikaacha chuo, nikadhani historia nimeachana nayo. Kumbe ilikuwa inaningoja kando ya mto, inanuka samaki na chumvi.

Serikali ya Tanzania ilianza kujenga daraja kubwa kuvuka mto huu, kwenye barabara ya Tanga hadi Bagamoyo. Sitalia eti utulivu utaisha. Mama mwenye uchungu wa kuzaa usiku wa manane hahitaji utulivu, anahitaji kuvuka. Lakini ukipita darajani kwa gari, mtaa huu utauona kwa sekunde chache tu, kisha umekwisha.

Kwa hivyo ukipata nafasi, shuka. Nunua samaki kwa wenyeji, tembea hadi viatu vijae mchanga, uliza nani alibeba mawe.

Na tafadhali, anza na shikamoo.