Ukuaji kabla ya kuzaliwa na nguvu ya misuli

Uhusiano kati ya ukuaji kabla ya kuzaliwa na nguvu ya misuli ni mada ya utafiti wa afya inayochunguza jinsi ukuaji wa mtoto tumboni mwa mama unavyohusiana na nguvu za mwili wake atakapokuwa mtu mzima. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba, kwa wastani, watu waliozaliwa na uzito mkubwa huwa na misuli yenye nguvu kuliko waliozaliwa na uzito mdogo, hata baada ya kuzingatia umri, jinsia na kimo. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini huonekana tangu utotoni hadi uzeeni.

Mada hii ni sehemu ya fani pana inayotafuta chanzo cha afya na magonjwa ya utu uzima katika maisha ya mwanzo ya binadamu. Umuhimu wake unaongezeka kadiri idadi ya wazee inavyoongezeka duniani. Nguvu ya misuli huamua kwa kiasi kikubwa kama mzee ataweza kuinuka kitini, kubeba ndoo ya maji au kutembea bila kuanguka.

## Upimaji wa nguvu ya misuli

Njia inayotumika zaidi katika tafiti ni kupima nguvu ya mkono kwa kifaa kinachoitwa dainamometa. Mtu huketi, hukunja kiwiko na kubana mpini wa kifaa kwa nguvu zake zote. Kipimo husomwa kwa kilogramu, na kwa kawaida hurudiwa mara kadhaa kwa kila mkono. Ingawa kinapima mkono tu, hutoa picha nzuri ya nguvu ya mwili mzima, tena ni rahisi na hakina gharama kubwa.

Nguvu ya mkono hupanda utotoni na ujanani, hufikia kilele, kisha hushuka polepole. Uchambuzi wa tafiti 12 za Uingereza, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba kilele cha wanaume ni takriban kilogramu 51, kati ya umri wa miaka 29 na 39. Kwa wanawake ni takriban kilogramu 31, kati ya miaka 26 na 42.

Misuli inapopungua nguvu na wingi kupita kiasi, hasa uzeeni, hali hiyo huitwa sakopenia. Kundi la wataalamu wa Ulaya limependekeza kwamba nguvu ya mkono iliyo chini ya kilogramu 27 kwa mwanamume au 16 kwa mwanamke ichukuliwe kuwa dalili ya hali hiyo. Kipimo hiki kinahusiana pia na urefu wa maisha. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2015, wenye washiriki karibu 140,000 kutoka nchi 17, ulikuta kwamba kila upungufu wa kilogramu 5 katika nguvu ya mkono uliambatana na ongezeko la asilimia 16 la hatari ya kufa katika kipindi cha ufuatiliaji.

## Misuli inavyojengwa tumboni

Misuli ya mifupa imeundwa kwa nyuzi nyembamba ndefu. Kila uzi hutokea pale seli changa nyingi zinapoungana na kuwa kitu kimoja. Katika mimba, nyuzi za kwanza hutangulia kujitokeza na kuwa kama kiunzi, kisha nyuzi za pili, ambazo ni nyingi zaidi, hujengwa kuzizunguka.

Idadi ya nyuzi hukamilika kwa sehemu kubwa kabla ya kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Kuanzia hapo msuli hukua hasa kwa nyuzi zilizopo kunenepa na kurefuka, si kwa kuongezeka nyuzi mpya. Ndiyo sababu wanasayansi wanaamini kwamba upungufu unaotokea tumboni unaweza kuacha alama ya kudumu: anayeanza maisha na nyuzi chache huwa na akiba ndogo pale uzee unapoanza kuzipunguza.

Mtoto aliye tumboni hupata chakula na oksijeni kupitia kondo la nyuma. Vikipungua, mwili wake huelekeza damu zaidi kwenye ubongo na moyo, na misuli hupata kidogo. Homoni zinazochochea ukuaji pia hupungua. Mambo haya yamechunguzwa kwa kina katika wanyama. Kwa mfano, miongoni mwa nguruwe wa uzao mmoja, kitoto kilichozaliwa kidogo sana mara nyingi huwa na nyuzi chache za misuli kuliko ndugu zake wakubwa.

## Historia ya utafiti

### Rejista za Hertfordshire

Sehemu kubwa ya ujuzi huu ilitokana na kazi ya wakunga katika wilaya ya Hertfordshire, kusini mwa Uingereza. Mwaka 1911 Ethel Margaret Burnside aliteuliwa kusimamia wakunga na wauguzi wa afya wa eneo hilo. Chini yake, mtoto alipozaliwa alipimwa uzito na kuandikwa katika rejista. Baadaye muuguzi aliitembelea familia nyumbani, na uzito wa mtoto ulipimwa tena alipofikia mwaka mmoja. Lengo lilikuwa kuboresha afya ya watoto wa wakati ule. Hakuna aliyekusudia kutafiti uzee wao.

Rejista hizo zilikuja kutumiwa na David Barker (1938–2013), daktari na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton. Mwaka 1989 yeye na wenzake walionyesha kwamba wanaume waliokuwa na uzito mdogo walipozaliwa na walipofikia mwaka mmoja walikufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo. Matokeo hayo yalizua mjadala mkubwa, kwa kuwa wengi walidhani magonjwa ya moyo yanatokana tu na mwenendo wa maisha ya utu uzima.

### Kutoka moyo hadi misuli

Katika miaka ya 1990, Avan Aihie Sayer na wenzake waliwapima watu 717 waliozaliwa Hertfordshire kati ya miaka 1920 na 1930. Waliokuwa na uzito mdogo walipofikia mwaka mmoja walikuwa na dalili zaidi za uzee, ikiwa ni pamoja na kusikia hafifu na nguvu ndogo ya mkono.

Utafiti uliofuata ulihusu watu waliozaliwa katika miaka ya 1930. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba uzito wa kuzaliwa uliendelea kuhusiana na nguvu ya mkono hata baada ya kuzingatia kimo na uzito wa sasa wa washiriki. Baadaye watafiti walichukua vipande vidogo vya msuli wa paja kutoka kwa wanaume wazee wa eneo hilohilo. Waliozaliwa na uzito mdogo walikutwa na nyuzi chache zaidi katika eneo lilelile la msuli, jambo lililolingana na maelezo ya ukuaji wa tumboni.

Uhusiano wa namna hiyo ulionekana pia katika kundi la Waingereza waliozaliwa mwaka 1946, kati ya wazee wa Helsinki, Ufini, na kwa watoto wa miaka 9 huko Mysore, India.

## Ukubwa wa uhusiano

Mwaka 2012 watafiti waliunganisha matokeo ya tafiti 13 zenye washiriki zaidi ya 20,000, kuanzia watoto hadi wazee. Kila kilogramu moja ya ziada katika uzito wa kuzaliwa iliambatana na ongezeko la wastani wa kilogramu 0.86 katika nguvu ya misuli.

Ikilinganishwa na kilele cha kilogramu 51 kwa wanaume, hiyo ni chini ya asilimia 2. Kwa wanawake ni karibu asilimia 3. Kwa hiyo uzito wa kuzaliwa hauwezi kutumiwa kutabiri nguvu za mtu mmojammoja: wako wengi waliozaliwa wadogo wakawa wenye nguvu. Umuhimu wake uko katika jamii nzima, ambamo tofauti ndogo kwa kila mtu huongeza idadi ya wazee wanaoshuka chini ya kiwango cha kujitegemea.

## Mipaka ya matokeo

Uhusiano kati ya mambo mawili hauthibitishi kwamba moja limesababisha jingine. Umaskini, kwa mfano, unaweza kupunguza uzito wa mtoto tumboni na pia lishe yake katika miaka inayofuata. Sifa za kurithi nazo huathiri ukubwa wa mwili pamoja na misuli.

Tena, uzito wa kuzaliwa ni kipimo cha jumla. Hautenganishi misuli na mafuta, wala mtoto njiti na mtoto aliyetimiza miezi yake lakini akadumaa tumboni. Pia uzito mkubwa si lazima uwe ishara njema: mtoto wa mama mwenye kisukari anaweza kuzaliwa mzito kwa sababu ya mafuta.

## Umuhimu kwa afya ya jamii

Shirika la Afya Duniani huhesabu uzito wa kuzaliwa kuwa mdogo ukiwa chini ya gramu 2,500. Mwaka 2020 watoto takriban milioni 19.8, yaani karibu asilimia 15 ya waliozaliwa duniani, walikuwa chini ya kiwango hicho. Jambo la kwanza linalowakabili ni hatari ya kufa wakiwa wachanga. Suala la nguvu za uzeeni ni sababu ya ziada ya kulinda afya ya wajawazito.

Barani Afrika sababu mojawapo ya uzito mdogo ni malaria, kwa kuwa vimelea vyake hujikusanya katika kondo la nyuma na kuzuia virutubishi kumfikia mtoto. Kwa sababu hiyo wajawazito wa maeneo yenye malaria nchini Tanzania, Kenya na Uganda hupewa dawa ya SP kliniki, kwa vipindi, na kushauriwa kulala ndani ya chandarua chenye dawa. Vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, pamoja na kuepuka sigara na pombe, pia humsaidia mtoto kukua.

Kwa waliokwisha zaliwa, misuli hubaki na uwezo wa kuimarika katika umri wowote. Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya mazoezi ya kunyanyua uzito kwa wakazi 10 wa nyumba ya wazee, wenye umri wa wastani wa miaka 90. Baada ya wiki 8, nguvu ya miguu ya waliomaliza mazoezi iliongezeka, kwa wastani, zaidi ya maradufu. Ongezeko hilo ni kubwa mara nyingi kuliko tofauti inayohusishwa na uzito wa kuzaliwa.

## Tazama pia

- Mimba
- Kondo la nyuma
- Misuli
- Uzee
- Utapiamlo