Bolti Ikikazwa Kupita Kiasi

Gari litokalo Sumbawanga na kuteremka ukingo wa nyanda za juu za Ufipa kuelekea bonde la Ziwa Rukwa likipungukiwa na oili, injini yaweza kufa mbali na gereji. Dereva aonapo matone chini ya sampu, hutamani kuchomeka bomba kwenye spana ili akaze zaidi. Je, bomba hilo ni msaada?

Bolti hufanya kazi kama springi. Ikikazwa hurefuka kidogo. Ikitaka kurudi, huibana gasketi. Ukisukuma kwa kani ya niutoni 50 kwenye spana ya mita 0.2, momenti ni niutoni-mita 10, kiasi kinachotosha bolti nyingi za sampu zenye kipenyo cha milimita 6. Bomba likirefusha mpini hadi mita 0.6, kani ileile hutoa 30. Bolti hupita mpaka wa unyumbufu, au meno hung'oka. Bati la sampu hupinda, gasketi hupondeka, na oili hupata njia.

Dawa ni kunyoosha ukingo wa sampu, kusafisha nyuso, kuweka gasketi mpya, kisha kukaza kwa zamu, kidogo kidogo, hadi kipimo cha mtengenezaji.