Filamu ya Usalama Kazini: Ionyeshe Kazi Yetu

Je, kijijini kwako kuna jengo linalojengwa? Huenda ni darasa. Huenda ni zahanati au nyumba ya mwalimu. Wananchi wanachimba msingi, wanabeba mchanga, wanapanda juu kupaua. Kazi hiyo ni nzuri. Lakini isipoangaliwa, inaweza kumvunja mtu mgongo kwa dakika moja.

Leo tuzungumze juu ya filamu ya kuhimiza usalama katika ujenzi. Siku hizi filamu fupi inaweza kupigwa hata kwa simu ya mkononi. Je, filamu hiyo ionyeshe nini ili imsaidie mtu wa Kibiti na wa delta ya Rufiji?

IANZE KWENYE NGAZI YETU

Mpiga filamu hupenda kazi kubwa. Mto Rufiji unazo. Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, lina urefu wa karibu kilomita 1. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujengwa mwaka 2019, na mitambo yake ni ya megawati 2,115. Picha za kazi hizo zinavutia. Lakini mwananchi wa Salale au Mbuchi akiziona atasema, "Hayo ni mambo ya kampuni." Kesho atapanda tena ngazi yake mbovu.

Kwa hiyo filamu ianze kwenye ngazi hiyo. Ionyeshe hatari hizi tatu:

1. Kuanguka. Boriti ya mkoko ni ngumu, lakini nayo huliwa na wadudu na hupasuka. Kagua kila boriti ya jukwaa kabla ya kupanda. Ngazi ikifika urefu wa mita 4, mguu wake uwe mita 1 kutoka ukutani. Mtu mmoja aishike chini.

2. Kufukiwa. Udongo wa delta ni tope na mchanga, na maji yako karibu. Kuta za shimo huporomoka bila kutoa taarifa. Udongo unaojaa sanduku la mita 1 kila upande una uzito wa zaidi ya tani 1. Hiyo ni zaidi ya mifuko 20 ya saruji kifuani mwa mtu! Usiingie katika shimo refu ambalo kuta zake hazikulazwa wala kuzuiwa kwa mbao. Udongo uliochimbwa uwekwe mbali na ukingo.

3. Saruji. Saruji mbichi huunguza ngozi na macho. Usikanyage zege kwa miguu mitupu. Ikiingia jichoni, osha mara moja kwa maji mengi safi, kwa dakika 20 au zaidi. Kisha nenda zahanati.

MSAADA UKO MBALI

Mtu wa delta ana sababu zaidi ya kujihadhari. Akiumia, husafirishwa kwa boti. Maji yakitoka, boti hukwama kwenye tope. Majeruhi hawezi kuharakisha maji kujaa.

Basi filamu ifundishe pia huduma ya kwanza. Damu ikitoka sana, bandika kitambaa safi na ukandamize kwa nguvu bila kuachia. Mtu aliyeanguka na kuumia mgongo au shingo asiinuliwe kwa mikono na miguu. Watu kadhaa wamsogeze kwa pamoja, mwili ukiwa umenyooka, na kumlaza juu ya ubao mpana.

Tena, ajali ya ujenzi haichagui fundi. Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka. Watu 36 walikufa. Wengine hawakuwa wajenzi. Palikuwa na watoto waliokuwa wakicheza karibu. Je, watoto wa kijiji chako huchezea wapi wakati darasa lao linajengwa?

NENO KUBWA: SIMAMA!

Kofia ngumu na mabuti ni vitu vizuri. Lakini jambo kubwa katika filamu liwe hili: saidia fundi anaona ubao umepasuka. Fundi ana haraka. Mwenyekiti wa kijiji yupo. Kijana anaona haya kusema mbele ya wakubwa. Hapo ndipo ajali huanza, kabla ubao haujavunjika.

Filamu imwonyeshe kijana akisema, "Mzee, tusimame kwanza. Ubao huu umepasuka." Imwonyeshe fundi akishuka na kutazama. Kisha aseme, "Ahsante, mwanangu." Wazee wakiona picha hiyo, watajifunza kusikiliza. Vijana nao watapata ujasiri wa kusema.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda usalama wa wafanyakazi wake. Lakini katika kazi ya kujitolea, kila mmoja wetu awe mlinzi wa mwenzake.

JINSI YA KUTENGENEZA

Kikundi chenu kikitaka kutengeneza filamu, fuateni hatua hizi:

1. Chagueni hatari moja tu kwa filamu moja. Isizidi dakika 10.
2. Kaeni na mafundi. Waulizeni ajali walizoziona.
3. Ombeni ruhusa ya kila mtu atakayepigwa picha.
4. Msimwangushe mtu ili kupata picha. Angusheni gunia la mchanga. Kishindo chake kitatosha kufundisha.
5. Waonyesheni watu wachache kwanza. Waulizeni, "Mmeona nini?" Wasipoeleza hatari mliyokusudia, rudieni picha.

BAADA YA KUTAZAMA

Mwaka 1973, watu karibu milioni 2 nchini walishiriki katika kampeni ya "Mtu ni Afya". Walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, wakajadiliana. Hawakuishia hapo. Walikwenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Filamu nayo iwe hivyo. Ikizimwa, mazungumzo yaanze. Asubuhi twende wote kwenye jengo, tukague ngazi, jukwaa na mashimo.

Kinga ni bora kuliko tiba. Ubao mpya ni rahisi kuupata kuliko mgongo mpya.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika jengo la kijiji chetu, hatari kubwa ni ipi?
2. Mtu akiumia leo, atasafirishwa kwa chombo gani? Nani anacho?
3. Nani ana ruhusa ya kusema "Simama"? Kwa nini si kila mtu?