Mtoto Huyu Yumo Kwenye Asilimia Ipi?

Kikao cha wazazi cha kufunga mwaka tunakifanyia chini ya mwembe, maana hakuna darasa linalotutosha. Mwalimu mkuu alisimama na karatasi zake nne akasoma taarifa. Taaluma: asilimia ya ufaulu imepanda. Maadili: nidhamu ya wanafunzi imeimarika kwa kiasi kikubwa. Michezo na stadi za kazi: netiboli tumefika ngazi ya kata, bustani ya mchicha inaendelea vizuri. Changamoto: upungufu wa walimu, madawati na matundu ya vyoo. Tukapiga makofi, ndivyo inavyotakiwa.

Bibi mmoja aliyekaa nyuma kabisa, kwenye mkeka aliokuja nao, akanyoosha mkono. Alisema ana mjukuu darasa la nne. Wiki iliyopita mwanawe aliyeko Dar alimtumia hela kwa simu. Ujumbe ukaingia, bibi akampa mjukuu amsomee ni shilingi ngapi na zimetoka kwa nani. Mtoto akaitazama simu, akaigeuza huku na huku, akasema imezima, chaji imeisha. Haikuwa imezima.

"Sasa mwalimu, hiyo asilimia uliyotusomea, mjukuu wangu yumo au hayumo?"

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu mkuu hakucheka. Alisema, "Bibi, hilo nitalifuatilia," na ajenda ikahamia kwenye mchango wa uji.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ile, huu mwaka wa tatu. Jina la shule naliacha, kwa sababu sina kesi na walimu wake, na kwa sababu taarifa ya namna ile nimeisikia katika shule nyingine pia, netiboli na mchicha vikiwemo. Lakini swali la bibi halikuniacha. Nilirudi nalo nyumbani, nikaanza kuuliza namna taarifa ya mwaka inavyopikwa.

Inaanzia kwenye mpango. Kila mwanzo wa mwaka kamati hukaa na walimu kupitia Mpango wa Maendeleo ya Shule: jedwali refu lenye lengo, shughuli, mhusika, muda na bajeti. Bajeti yenyewe ni fupi kuliko jedwali. Tangu Januari 2016, serikali ilipofuta ada na michango ya lazima, shule ya msingi hutengewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, 6,000 ndizo za kuja shuleni. 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Gawanya 6,000 kwa miezi 12. Unapata shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi, na hizo ndizo za chaki, karatasi za majaribio, kitasa kilichovunjika, mpira, na nauli ya mwalimu mkuu kwenda halmashauri anapoitwa. Haishangazi kwamba kwenye mpango wetu, mbele ya "kuimarisha maadili na makuzi ya mwanafunzi", safu ya bajeti ina kistari. Kinachoshangaza ni kwamba Novemba, mbele ya mstari uleule wenye kistari, pameandikwa "imetekelezwa".

Ni rahisi kusema tatizo ni fedha. Nilisema hivyo kwa muda mrefu mimi mwenyewe, mpaka niliposoma habari za jaribio la KiuFunza. Mwaka 2013 na 2014 taasisi ya Twaweza ilifanya jaribio hilo katika shule za msingi 350 hapa Tanzania. Baadhi zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, ikafika kweli. Katika nyingine walimu wa madarasa ya chini waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu majaribio. Kundi la tatu likapata vyote viwili, na zilizobaki hazikupewa kitu. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2019, ruzuku peke yake haikuwa imeongeza chochote kwenye alama za watoto. Ilipokutana na bonasi, alama zikapanda waziwazi. Sisemi dawa ni bonasi. Ninachokiona pale ni kwamba fedha ilifika shuleni, vitabu vikanunuliwa, taarifa bila shaka zikaandikwa vizuri, na mtoto akabaki alipokuwa, mpaka alipopatikana mtu mwenye sababu ya kumtazama yeye mwenyewe, mmoja mmoja.

Kumtazama nako kuna namna zake. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012 yaliitikisa nchi: zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Mwaka uliofuata ukaja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Ukaweka malengo ya ufaulu, asilimia 60 mwaka 2013, 70 mwaka 2014, 80 mwaka 2015, na shule zikaanza kupangwa hadharani, iliyo juu na iliyo mkiani. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin waliufuatilia upangaji huo kwa shule za msingi, wakachapisha walichokikuta mwaka 2021. Shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao ziliongeza alama, kweli kabisa. Lakini pia zilipunguza watoto waliofika kukalia mtihani wa mwisho. Wale ambao wangeishusha asilimia hawakuwemo chumbani.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wahenga hawakujua lolote kuhusu asilimia, lakini wangezielewa shule hizo mara moja.

Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Nilifurahi. Furaha yangu haikudumu, maana kwetu orodha ilihamia tu kwenye kundi la WhatsApp, na siku hizi inakuja na rangi. Mwalimu mkuu aliyeshika nafasi ya mwisho huitwa ofisini hata kama mwaka huo amepokea watoto 40 waliohama kutoka kijiji kisicho na shule. Hilo la kupokea watoto halina safu.

Haya ni ya taaluma, ambayo walau ina mitihani. Maadili je?

Tulishajaribu kuyapima. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alilalamikia elimu inayompima mtoto kwa mtihani pekee, ikasahau kazi ya mikono yake na namna anavyoishi na wenzake. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka kazi na mwenendo vihesabiwe pamoja na mtihani, hata kuingia chuo kikuu ikawa lazima mtu afanye kazi kwanza na apate mapendekezo ya chama na ya mwajiri wake. Wazo lilikuwa jema, na mimi bado nalipenda. Ila mwenendo ukishaandikiwa barua, watu huanza kutafuta barua. Sasa, katika mtaala ulioanza kutumika Januari 2024, limekuja somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Nalo nalitakia heri. Nina wasiwasi mdogo tu wa mzazi: mwanangu ataulizwa ataje sifa nne za mtu mwaminifu, atazitaja zote, na ataziandika kwa kalamu aliyoichukua kwa jirani bila kuomba.

Alhamisi moja karibu na kufunga shule nilimkuta mwalimu wa darasa la nne ofisini anajaza ripoti. Masomo alikuwa ameshamaliza. Akafika kwenye safu za tabia: usafi, uaminifu, ushirikiano, heshima, kujituma. Kalamu ikashuka kwa mwendo mmoja, B, B, B, B, kama mtu anayepanda mahindi kwa kamba, kisha ghafla A.

"Huyu wa A ya uaminifu amefanya nini?" nikamuuliza.

Akacheka. "Mjumbe, huyu ni mtoto wa mwalimu mwenzangu."

Kisha akaacha kucheka. Akaniambia darasa lake lina watoto zaidi ya tisini, na yupo peke yake. "Nikikaa kumjua mmoja, nimempoteza mwingine. Wewe ungeandika nini?" Sikuwa na jibu. Chini ya kila ripoti, kwenye maoni, alikuwa akiandika "Ana bidii, aongeze juhudi." Sentensi hiyo iko kwenye ripoti yangu ya mwaka 1989, imehifadhiwa na mama. Nahisi imewahi kusemwa hata kwa watoto waliokuwa wanalala darasani.

Taarifa hutaja pia utoro na mimba, na hapo ndipo shule hujisifu zaidi. Katika sekondari ya kata jirani "mimba: hakuna" hupigiwa makofi marefu kuliko matokeo. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 uliwafungulia mlango waliokatiza masomo, wakiwemo wasichana waliojifungua, warudi shuleni. Nimehudhuria vikao vingi tangu hapo. Sijasikia taarifa hata moja ikisema wamerudi wangapi, wala aliyerudi anakaa dawati gani na nani anamsemesha. Ningekuwa napima maadili ya shule, ningeanzia hapo.

Au ningeanzia kwenye kabati la darasa la sita.

Kabati lile lililetwa na mradi ambao muda wake umekwisha. Bango lake getini limefifia hata nembo haionekani. Ndani mna vitabu vya hadithi. Kwa miezi mingi lilikaa limefungwa kwa kufuli, kwa kuogopa upotevu, na kwenye taarifa lilihesabika kama "maktaba ya darasa: 1". Mwaka jana mwalimu wa Kiswahili alichoka. Akampa ufunguo msichana mmoja wa darasa la sita, akampa na daftari la mistari, akamwambia aazimishe vitabu kila Jumatano na Ijumaa.

Daftari hilo nimelishika. Amelichora safu mwenyewe kwa rula: jina, kitabu, kutoka, kurudi, maoni. Safu ya maoni ndiyo iliyonikalisha chini. "Kimelowa, kimeanikwa." "Kurasa mbili hazipo, hazikuwepo tangu mwanzo." "Amesema kipo kwa shangazi yake, si kweli." "Amerudisha bila kusoma, nimempa chembamba." Kuna mahali mwandiko umebadilika, wino wa kijani, mtoto mwingine alimshikia alipougua malaria. Na kuna mstari mmoja wenye jina lake yeye mwenyewe, safu ya kurudi iko tupu, mbele yake ameandika: "Kimepotea. Ni mimi."

Hakuna aliyemwambia aandike hivyo. Angeweza kuuruka mstari ule na mwalimu asingejua kamwe, kwa sababu vitabu havikuwahi kuhesabiwa tangu mradi ufungwe.

Nilimwomba mwalimu wa darasa anionyeshe ripoti ya huyo binti. Uaminifu: B.

Nimelilinganisha daftari lile na taarifa tuliyosomewa chini ya mwembe, na sidhani kama nakuza mambo nikisema shule yetu mwaka ule ilitoa taarifa mbili, na iliyo bora iliandikwa na mtoto. Ya kwake inasema nini kimetoka, nini kimerudi, nini kimeharibika na nani anahusika. Inasema hata lile linalomwaibisha. Ya kwetu watu wazima inasema imeimarika, inaendelea vizuri, imetekelezwa, na wanafunzi wa madarasa ya juu wamesimama pembeni ya kikao wanasikiliza. Wanajua nani kati yao hajui kusoma. Wanajua mchicha ulikauka Agosti. Wanatusikia tukisoma tofauti, kisha tukipiga makofi, na jioni tunarudi nyumbani kuwafundisha kusema kweli.

Mwalimu mkuu simlaumu sana. Akiandika kwamba watoto kadhaa wa la nne hawasomi, karatasi hiyo itapanda kwa mratibu elimu kata, itapanda halmashauri, na itashuka ikiwa barua ya kumtaka ajieleze. Hakuna atakayeuliza anahitaji nini. Mtu wa namna hiyo hutamwambia awe mkweli bila kumpa pa kusimamia, na hapo kamati za shule tumelala. Sisi ndio tunaopitisha taarifa. Sahihi ya mwenyekiti wetu ipo chini. Katika miaka mitatu hatujawahi kurudisha hata ukurasa mmoja.

Kwenye kikao cha kufungua mwaka nilipendekeza jambo dogo. Taarifa iongezwe karatasi ya tano: watoto wa kuanzia darasa la tatu wasioweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili, idadi yao Januari, idadi yao Juni, idadi yao Novemba, bila majina. Na karatasi hiyo ibaki kuwa ya kamati na wazazi, isiende kupangwa na mtu. Mwenyekiti alisita, mwalimu mkuu akaniangalia kwa muda, kisha akasema, "Sawa, mjumbe, lakini na ninyi mje kusikiliza wanavyosoma." Tulikwenda watatu. Mjukuu wa bibi alikuwa wa nne kuingia. Alishika kitabu, akakitazama, akakigeuza. Safari hii hakusema chaji imeisha.

Basi mzazi mwenzangu, kikao kijacho ukisikia asilimia, nyoosha mkono uulize wangapi hawasomi, nani anawafundisha, na saa ngapi. Kwetu mawili ya mwanzo yana jibu: idadi tunayo, na mwalimu wa Kiswahili amekubali. Saa bado haijapatikana kwenye ratiba.